Vinatosha

Kwa miaka kumi na moja Kidole alikuwa amepiga magoti mara nyingi kuliko mcha Mungu yeyote wa mtaani kwao, na hakuwa amejibiwa dua hata moja. Kazi yake ilikuwa kuuza viatu vya watoto. Mtoto anaketi kwenye benchi, anavalishwa kiatu, na Kidole anapiga goti na kubonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba ili ajue vidole vya mtoto vimeishia wapi. Hicho kidole gumba ndicho kilichompa jina, na jina lenyewe alilipenda. "Mdomo wa mtu unadanganya," alizoea kusema, "lakini kidole changu hakijawahi kudanganywa." Mkewe, fundi cherehani na mtu wa maneno machache, alikuwa akijibu kwamba ni bahati mbaya kidole hicho hakiwezi pia kumziba mdomo mwenyewe.

Maana Kidole alikuwa na mdomo. Kila jioni alirudi nyumbani na kisa cha dukani, na katika kila kisa shujaa alikuwa mmoja tu. Alieleza jinsi alivyomnyamazisha mteja mkorofi kwa neno moja, ingawa waliokuwapo walikumbuka kwamba neno lenyewe lilikuwa "samahani". Kisa kikikosekana dukani alikitafuta nyumbani: sufuria iliyoungua, shemeji aliyepotea njia, binti yake wa miaka kumi aliyesema neno la kitoto. Alitoka navyo hadi barazani, na majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Binti mwenyewe hakuwa mchekaji. Kidole alidhani amerithi ukimya wa mama yake.

Dukani walikuwa watatu. Mama Risiti alikaa kwenye kaunta ya malipo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mlangoni alisimama mlinzi waliyemwita Afande, ingawa gwaride pekee alilowahi kupiga lilikuwa la shule ya msingi. Na chini, sakafuni, alikuwapo Kidole. Tajiri wao, mwenye duka, alipita mara moja kwa siku kuhakikisha kwamba hawajalala.

Watatu hao walikuwa na siri mbili za kazi. Ya kwanza ilikuwa kwenda stoo. Mteja akiulizia kiatu ambacho hakipo, muuzaji hasemi hakipo. Anasema, "Ngoja nikuangalizie stoo," anaingia, anasimama katikati ya maboksi, anahesabu mpaka thelathini, kisha anatoka na uso wa msiba. Mteja huondoka ameridhika kwamba amehangaikiwa. Siri hiyo Kidole alikwisha kuisimulia nyumbani, tena kwa vitendo. Ya pili ilikuwa hamsini na mbili. Hakuna mtoto anayevaa namba hiyo, wala mtu mzima, labda awe tembo. Kwa hiyo muuzaji akimwona mtu anasokomeza kitu kwenye mkoba, aliita kwa sauti, "Jamani, namba hamsini na mbili ipo?" na Afande alijua la kufanya.


Zilikuwa zimebaki siku tatu shule zifunguliwe, siku ambazo wazazi wote hukumbuka kwa pamoja kwamba watoto wao wana miguu. Saa tisa alasiri aliingia baba mmoja na binti yake. Baba alikuwa nadhifu, mkoba begani, shati limepigwa pasi likakubali. Kidole alilitambua shati hilo mara moja kwa sababu alikuwa nalo nyumbani, la mistari ile ile ya bluu. Alijiambia kwamba mtu mwenye shati kama lake lazima awe mtu mwema.

"Viatu vyeusi vya shule," yule baba alisema. "Vya kamba. Vya huyu."

Alisema "huyu" bila kumtazama. Msichana alikuwa wa miaka minane au tisa, tayari amevaa sare ya shule kana kwamba shule ni leo, na alikaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri kuambiwa ainuke. Kidole akapiga goti, akamvalisha namba thelathini na mbili, ambayo baba mtu aliichagua mwenyewe kwenye rafu.

"Vinatosha," msichana alisema.

Kidole hakuwa amefunga hata kamba. Hakuwa ameuliza kitu. Akabonyeza ncha ya kiatu, na mle ndani kidole cha mtoto kilikuwa kimejikunja chote, hakina pa kwenda.

"Hivi vinambana, bosi," alisema. "Tumjaribishie thelathini na nne."

Yule baba akainama. "Vinakubana?"

Msichana alimwangalia baba yake, akamwangalia Kidole, na hapo akafanya kosa la kumwamini Kidole.

"Kidogo," alisema.

Baba akachukua kiatu cha pili kwenye boksi, akampiga nacho mdomoni. Hakupiga kama mtu mwenye hasira. Alipiga kama mtu anayefuta ubao. "Nyumbani nilikuuliza unavaa namba ngapi, ukaniambia thelathini na mbili. Mjinga wee. Kila siku kuniaibisha mbele za watu." Akampiga tena, sikioni. Msichana hakulia. Alisema, "Vinatosha, baba. Vinatosha kabisa."

Mama mmoja aliyekuwa akichagua ndara alianza kuzikagua ndara hizo kwa umakini ambao hakuna ndara iliyowahi kuustahili.

Hapa ndipo, katika visa vyake vyote, Kidole husimama akasema lile neno moja. Lakini sasa alikuwa chini, uso wake sawasawa na uso wa mtoto, na aliona damu ikichomoza kwenye mdomo wa chini, kidogo kidogo. Akainuka. Akasafisha koo. Akasema:

"Ngoja nikuangalizie stoo."


Stoo alisimama katikati ya maboksi, akahesabu mpaka thelathini. Alipofika thelathini akaona ni mapema, akaendelea. Mwanzoni alijiambia kwamba anapanga mkakati. Kwenye arobaini alijiambia ukweli: anaogopa. Anaogopa kulalamikiwa kwa Tajiri, anaogopa kuambiwa mtoto ni wa mwenyewe, na zaidi ya yote anaogopa yule baba asije akafika kwenye rafu ya viatu vya watu wazima akamgeukia yeye. Mwanamume mzima, ana ndevu, amejificha nyuma ya ndara za plastiki. Kingekuwa kisa cha mtu mwingine, angekisimulia vizuri ajabu.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na aibu hiyo ndiyo iliyomsukuma nje. Ila ilimsukuma bila kumpa maneno. Alichojua ni kwamba peke yake hawezi, lazima awaite wenzake. Kinywani alikuwa bado anahesabu, na hesabu ilikuwa imefika hamsini na mbili.

"Jamani," alipaza sauti akiwa mlangoni mwa stoo, "namba hamsini na mbili ipo?"

Afande hakuwa amepata kuitika haraka namna ile. Alifunga mlango wa duka, akamvamia yule baba, akamkunja mkono nyuma ya mgongo.

"Tulia hapo hapo. Toa ulichoficha."

"Nimeficha nini? Niachie wewe."

"Ndivyo mnavyosema wote. Fungua mkoba."

Wateja wakasogea, simu zikatoka mifukoni. Mtu mmoja alisema wezi wa siku hizi wanavaa vizuri kuliko mameneja. Afande aliukung'uta mkoba kwenye benchi: daftari tatu mpya, rula, penseli mbili zenye vifutio, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya vitu vya shule, kwa mwandiko wa mtoto aliyejitahidi usiende upande. Mwisho kabisa iliandikwa: viatu, 32.

Kidole alikuwa amesimama, mkono hewani. "Siyo hiyo, Afande. Siyo ile hamsini na mbili."

"Kumbe kuna nyingine?" Afande aliuliza.

Ndipo msichana alipolia. Alishuka kwenye benchi, mguu mmoja una kiatu na mwingine mtupu, akamkamata Afande mkanda kwa mikono miwili, akawa anamvuta. "Mwache baba yangu. Baba yangu siyo mwizi. Ni mimi niliyekosea namba. Ni mimi."

Yule baba aliacha kupambana. Alimtazama binti yake, kwa mara ya kwanza tangu waingie, na hakuonekana kujua la kufanya na alichokuwa akikiona.

Mama Risiti alitoka nyuma ya kaunta. Wateja wa miaka mingi hawakuwahi kumwona akitoka, na wengine walishangaa kuwa ni mfupi hivyo. Alimgusa Afande begani, Afande akaachia. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Huyu hajaiba kitu," alisema. "Kwa hilo tunakuomba radhi, kaka. Tumeitana kwa sababu umempiga mtoto mdomoni kwa kiatu, na anatoka damu. Tumeliona sote. Tumeshindwa tu kulisema."

"Mtoto ni wangu."

"Najua ni wako. Hata yeye anajua, ndiyo maana amekutetea. Ila na yeye hapa hakuwa na mtetezi." Akamwinamia msichana, akatoa leso. "Nikufute, mwanangu?"

Msichana alimwangalia kwanza baba yake. Yule baba akaitikia kwa kichwa, taratibu, kisha akageuka, kwa maana mtu aliyeaibishwa hutafuta wa kugawana naye aibu. Kidole ndiye aliyekuwa karibu.

"Na wewe unayejifanya kuhurumia watoto wa watu. Una mtoto?"

"Ninaye. Binti."

"Humpigi?"

"Sijawahi kumwinulia mkono hata siku moja," Kidole alisema. Ilikuwa kweli, na alifurahi kwamba hatimaye amepata kitu cha kusema kwa sauti.

"Basi hongera," yule baba alisema, akaanza kuokota penseli.

Tajiri alifika wakati huo huo, akasikia nusu ya habari, na nusu hiyo ilimtosha. Alimwamuru Kidole amwombe mteja radhi mbele ya watu. Kidole, kwa mazoea, alijikuta amepiga goti. Watu wakacheka, na yeye akaomba radhi akiwa hapo hapo chini, kwa kuwa kuinuka kungeongeza tu kichekesho. Tajiri akatoa jozi ya thelathini na nne bure. Yule baba akasema hataki kitu cha duka hili, akamvalisha binti yake viatu vya zamani kwa mikono yake mwenyewe, polepole, akamshika mkono wakatoka. Mlangoni msichana aligeuka. Kidole alijiandaa kupokea jicho la shukrani. Jicho alilopewa lilikuwa la mtu aliyeibiwa.

"Ile sare naijua," Mama Risiti alisema duka lilipopoa. "Shule zikifunguliwa nitakwenda kumwona mwalimu wake."

"Utamwambia nini?"

"Nilichokiona. Kwa maneno, Kidole. Siyo kwa namba."


Kutoka dukani hadi nyumbani kulikuwa na kona tatu, na kisa kilizidi kupendeza kila kona. Kwenye ya kwanza alikuwa amekaa stoo dakika moja tu. Kwenye ya pili alikuwa amepita stoo kuchukua kiatu. Kwenye ya tatu hapakuwa na stoo, wala goti.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anamalizia sare za watoto wa watu. Binti yao alikuwa mezani, anafunika daftari zake kwa magazeti. Kidole hakungoja hata chai. Alikuwa yeye, akawa yule baba, akawa Afande, akachukua kandambili akaonyesha kiatu kilivyopita.

"Stoo ulikaa muda gani?" mkewe aliuliza bila kuinua macho.

"Nani kataja stoo?"

"Nakuuliza tu."

"Muda wa kupanga."

"Ulihesabu mpaka ngapi, baba?" binti aliuliza.

Kidole alishusha kandambili. "Hamsini na mbili," alisema. Mkewe alicheka mpaka uzi ukakatika, na Kidole naye akacheka, kwa maana kisa hakikuwa kibaya hata kikisimuliwa kama kilivyotokea. Akaketi. Akajimiminia chai.

"Lakini kuna kitu kimeniuma kwelikweli," alisema. "Yule mtoto alisema vinatosha kabla sijamuuliza. Mtoto asiyeogopa husubiri aulizwe. Huyo alishajibu. Nimekumbuka, hata wewe mwanangu bado hatujaangalia viatu vyako vya mwaka jana, kama..."

"Vinatosha," binti yake alisema.

Cherehani ilisimama. Binti aliendelea kukunja gazeti kwenye pembe ya daftari, kwa uangalifu, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema. Kidole aliweka kikombe chini.

"Vilete, mama."

Binti alivileta. Akavivaa kwa ustadi wa mtu mwenye mazoezi, akiingiza kwanza vidole, kisha akikaza taya na kuvuta kisigino. Kidole alipiga goti kwenye sakafu ya nyumba yake. Miaka kumi na moja amepiga magoti mbele ya watoto wa mji mzima, na sakafu hii ilikuwa ngeni kwa magoti yake. Akabonyeza. Hakuhitaji kubonyeza mara ya pili.

"Tangu lini?"

Binti alimwangalia mama yake.

"Mwambie," mama alisema. "Hata mimi sikujua."

"Tangu muhula wa pili."

"Mwanangu, mimi nauza viatu. Ndiyo kazi yangu. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia." Hakuwa analaumu. Alikuwa anakumbusha. "Nilikuambia siku moja vinabana. Ukasema miguu yangu inakua haraka kuliko akili. Halafu ukawasimulia watu barazani. Mpaka leo yule mzee wa mlango wa pili akiniona anauliza, Miguu, akili imefika wapi?"

Kidole alikumbuka. Alikumbuka hata jinsi kisa kile kilivyopokelewa: watu walishika mbavu, mmoja alimwaga chai. Alikirudia mara tatu wiki ile, na mara ya tatu aliongeza mwendo wa bata. Sasa akaikumbuka na sauti yake ya mchana, safi, ya kujiamini: sijawahi kumwinulia mkono hata siku moja. Mkewe angeweza kusema kwamba nyani haoni kundule, na angekuwa na haki yote.

Mzaha ulimjia, kama kawaida yake, tena mzuri. Uling'ang'ania kwenye ncha ya ulimi. Kidole aliumeza, na haukushuka kwa urahisi.

"Nilikukosea," alisema. "Nilikukosea sana."

Binti alikuwa anavua viatu. Nyama ya juu ya kidole kikubwa ilikuwa ngumu, imekauka kama gamba. "Na hiki cha leo," aliuliza, "utawasimulia?"

"Cha yule msichana?"

"Cha yule. Na cha kwangu."

"Hapana."

Binti aliitikia "sawa" kwa heshima zote, kama mtu anayepokea ahadi aliyokwisha kuipokea mara nyingi. Hakuamini, na Kidole aliona kwamba hakuamini, na usiku mzima kitu hicho kilimuuma kuliko goti la dukani.


Kesho yake alikwenda naye kazini mapema, kabla wateja hawajaanza kuingia. Afande alimpigia saluti mtoto. Mama Risiti alimpa kiti karibu na kaunta. Kidole akapiga goti, akamvalisha namba thelathini na tano, akafunga kamba, akaondoa mikono. Kisha akafanya kitu kilichomtia taabu kubwa, nacho ni kungoja.

"Vinabana?" aliuliza baada ya muda.

Binti hakutazama viatu. Alimtazama baba yake usoni, akatazama mdomo wake hasa, kama mtu anayetazama mlango usije ukafunguka.

"Kidogo," alisema.

Kidole akabonyeza. Nafasi ilikuwapo, ya kutosha na ya kukulia. Viatu vilimkaa kama alivyoshonewa. Kidole gumba kilijua hivyo, na hakijawahi kudanganywa, isipokuwa kule kilikokuwa hakiendi. Akainua macho. Binti bado alikuwa anautazama mdomo wake.

"Sawa," alisema. "Tuvue."

Akaleta thelathini na sita. Miguu iliogelea humo ndani.

"Na hivi?"

"Navyo kidogo," binti alisema, kwa sauti ndogo zaidi, mikono ameikaza kwenye ukingo wa kiti.

Afande alikohoa. Mama Risiti alimtazama Kidole juu ya miwani.

"Basi ngoja," Kidole alisema, "nikuangalizie stoo."

Aliingia, akavuta ngazi. Hakuhesabu. Alipanda hadi rafu ya mwisho, kwenye maboksi ambayo hayajaguswa tangu mwaka juzi, akaanza kuyashusha moja moja, akiyafungua, akisoma namba, vumbi likimwingia puani. Kupitia mlangoni alimsikia binti yake.

"Shangazi, amekwenda kweli, au anahesabu?"

Mama Risiti alikuwa anasikiliza.

"Amekwenda kweli," alisema. "Sikiliza maboksi."